Roki, Majaji na Kura ya Umma

Wimbo wa roki unaposhinda shindano la kimataifa, watu husema ubora wake umetambuliwa. Nadai kwamba ubora peke yake hautoshi. Kinachoamua ni nani aliyepewa haki ya kupiga kura. Tarehe 22 Mei 2021, mjini Rotterdam, kundi la Måneskin kutoka Roma lilishinda Eurovision kwa “Zitti e buoni”, wimbo wa magita makali ulioimbwa kwa Kiitaliano. Majaji walikuwa wameupa alama 206 tu, nafasi ya nne. Chaguo lao la kwanza lilikuwa Gjon's Tears wa Uswisi. Ndipo zikaja kura za watazamaji, alama 318, jumla ikawa 524. Kura ingebaki mikononi mwa majaji, Italia isingepata hata nafasi ya tatu. Miaka 15 kabla, katika shindano hilohilo mjini Athens, kura zilikuwa karibu zote za simu. Lordi, wanamuziki waliovaa vinyago vya mazimwi, walipata alama 292 kwa “Hard Rock Hallelujah” na kuipa Finland ushindi wake wa kwanza tangu ilipojiunga mwaka 1961.

Atakayepinga atasema kura za umma ni za ujirani. Kweli, Sweden, Norway na Estonia ziliipa Finland alama 12 kila moja. Lakini Uingereza, Ugiriki na Poland nazo zilitoa 12, na ujirani wa Helsinki na Athens siuoni kwenye ramani yoyote. Mwingine atasema vinyago ndivyo vilivyoshinda. Basi Måneskin, wasiovaa kinyago, walishindaje? Pingamizi lenye uzito ni la tatu: umati hupenda unachokijua tayari. Hilo nalikubali, na ushahidi wake uko hapa hapa Kenya. Mugithi, muziki wa gita wa Wakikuyu, umekulia katika baa za miji kama Thika na Ruiru, ambako mteja anayelipa ndiye jaji. Soko hilo limewalisha wapiga gita wengi bila cheti cha mtu yeyote, lakini pia limewafunga: usiku mzima huombwa nyimbo za wakongwe, za Joseph Kamaru na wenzake, na utunzi mpya husubiri hadi watu wamelewa.

Upande wa pili lipo Tamasha la Muziki la Kenya, ambako neno la mwisho ni la waamuzi. Kwa kwaya ya shule utaratibu huo unafaa, kwa kuwa mwanafunzi anahitaji kuambiwa sauti yake ilipotoka nje ya ufunguo. Gita lenye mngurumo halipati pa kuketi hapo kirahisi. Haishangazi kwamba Duma, vijana wawili wa muziki mzito kutoka Nairobi, albamu yao ya mwaka 2020 ilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Walipata mlango, lakini ni mlango mmoja, na mwenye ufunguo alikuwa ng'ambo ya mpaka.

Måneskin walikuwa na ngazi nyumbani. Machi 2021 walishinda tamasha la nyimbo la Sanremo, ambako kura za mwisho ziligawanywa kati ya wanahabari, jopo la wasikilizaji na umma. Vyuo vikuu vya Thika na Ruiru vinaweza kujenga ngazi kama hiyo bila kusubiri Nairobi: jukwaa la nyimbo mpya tu, kwa lugha yoyote, nusu ya alama zikitoka kwa waamuzi na nusu kwa hadhira. Kura ya simu iwe ya bure, moja kwa kila namba, kwani kura ikilipiwa kwa M-Pesa mwenye mjomba tajiri atashinda kila mwaka. Na alama za pande mbili zitangazwe kando kando, ili mpiga gita aliyeshindwa ajue ni nani aliyemkataa.