Baada ya Baraza: Kuandika Hati ya Kuachilia Madai Kabras

Waheshimiwa machifu, wazee wa vijiji na wasaidizi wa kisheria,

Hapa Kabras ugomvi mwingi huanzia shambani. Mpaka umesogezwa, ng'ombe wameingia kwenye miwa, au mwenye shamba lililokodishwa amefariki miwa ikiwa bado michanga. Mengi ya haya hayafiki mahakama ya Butali. Humalizwa barazani, na Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inaitambua njia hiyo. Baraza sina neno nalo. Ninayoilalamikia ni karatasi inayoandikwa watu wakishapeana mikono: fulani na fulani wamepatana, hawatasumbuana tena, kisha muhuri. Wamepatana juu ya nini?

Tuseme mkodishaji anadaiwa shilingi 40,000 za kodi, na mwenye shamba amekubali 25,000 ili yaishe. Hati itaje shamba kwa nambari yake, msimu unaodaiwa, kiasi na tarehe ya kulipa. Iseme pia kwamba madai ya kodi ya msimu huo ndiyo yanayoachiliwa, wala si ya mpaka, kama mpaka haukujadiliwa. Zaidi ya yote, madai yafe pesa zikishapokewa. Mzee akitia sahihi leo kwamba hadai tena, naye anaahidiwa kulipwa mavuno yakiuzwa, amekwisha kujifunga mikono. Asiyejua kusoma asomewe kwa Kikabras kabla ya kuweka kidole gumba, na aliyemsomea aandike jina lake.

Sasa tuje kwa anayetia sahihi. Hatimiliki nyingi bado zina jina la baba aliyefariki. Sheria ya Urithi, kifungu cha 45, inakataza mtu kugawa au kuuza mali ya marehemu bila idhini ya kisheria, kwa hiyo kaka mkubwa hawezi kuachilia haki za ndugu zake eti kwa kuwa ndiye mkubwa. (Najua hili haliwapendezi kaka wakubwa.) Suluhu ikihamisha kipande cha shamba la kilimo, ombi la kibali lipelekwe kwenye bodi ya udhibiti wa ardhi ndani ya miezi 6 tangu kuandikiana. Mpaka wa ardhi iliyosajiliwa nao huamuliwa kwanza na msajili wa ardhi. Mahakama yenyewe haiugusi kabla yake.

Kama kesi ya madai imeshafunguliwa, msiifungie hati kabatini. Iwasilishwe mahakamani, makubaliano yaingizwe kwenye amri, la sivyo kesi inabaki hai. Na palipo na panga, msiandike kwamba mlalamishi ameachilia kesi ya polisi, maana si yake kuiachilia. Kifungu cha 176 cha sheria ya mwenendo wa jinai kinairuhusu mahakama kuhimiza upatanisho katika shambulio la kawaida na makosa madogo ya kibinafsi. Lakini aliyekatwa mkono anaweza kuachilia fidia yake tu.