Mbwa wa Horini

Msikilizaji, hori unaijua, hata kama ni kwa kusikia habari za Krismasi tu. Wagiriki wa kale walisimulia habari za mbwa aliyejilaza ndani ya hori ya farasi. Shayiri yenyewe haili. Farasi mwenye njaa akisogeza mdomo, anabwekewa.

Wengi humpa Aesop sifa ya kisa hiki. Aesop amebebeshwa mengi! Katika mikusanyo ya zamani ya Kigiriki ya ngano zake, kisa hiki hakimo. Kiliingizwa karne ya 15 na Mjerumani Heinrich Steinhöwel. Lakini msemo wa mbwa wa horini ulikuwa umeshazeeka. Katika karne ya 2, mwandishi Lucian aliutumia kumsimanga tajiri mmoja aliyerundika vitabu asivyovielewa, na kumwazima mtu hata kimoja hataki. Injili ya Tomaso, iliyofukuliwa Nag Hammadi nchini Misri mwaka 1945, inawafananisha Mafarisayo na mbwa aliyelala kwenye hori ya ng'ombe. Wahispania wao wana mbwa wa mtunza bustani, hali kabichi wala haachi ziliwe.

Wanaomwita mbwa huyu mchoyo wanamsingizia, kwa maoni yangu. Mchoyo hunyima ili ashibe yeye. Huyu analala na njaa. Ana roho ya kwa nini: kwa nini farasi ale?

Sasa tuje kwetu, kwenye mashamba pori. Morogoro, wilayani Kilosa, ziko ekari kwa ekari zilizoachwa zikaota vichaka, huku wakulima na wafugaji wa jirani wakigombania vipande. Hapo utasema, mbwa wa horini huyo! Ngoja kwanza. Hati ya shamba huweza kuwekwa rehani benki, mkopo ukatoka, na jembe lisiguse udongo. Mwenye shamba wa namna hiyo anakula vizuri sana. Ni shayiri tu ndiyo haigusi.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamruhusu Rais kubatilisha haki ya mmiliki aliyekiuka masharti ya kuendeleza ardhi, na yapo mashamba Kilosa ambayo hati zake zimefutwa. Vizuri. Ila mbwa akishatolewa horini, mwingine huweza kuruka ndani kabla farasi hajafika. Kwa hiyo shamba likifutiwa hati, majina ya waliogawiwa yasomwe kwenye mkutano wa kijiji, moja baada ya jingine, na ekari za kila mmoja.