Barua ya Kwenda Chuo Kikuu Haiandikwi na Mjomba

Wiki hii nataka kuzungumza na vijana waliomaliza shahada ya kwanza ya fasihi na wanaotaka kuendelea na masomo ya juu, hapa nyumbani au ng'ambo. Lakini kabla ya kutoa ushauri sina budi kuungama, maana ushauri wenyewe nimeupata kwa kosa langu.

Miaka mitatu iliyopita, binti wa dada yangu alikuja nyumbani jioni moja na bahasha mkononi. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia, "Mjomba, wewe ndiye mwandishi wa ukoo. Naomba unipitilie hii." Alikuwa anaomba nafasi katika vyuo sita vya Marekani na Uingereza, na ndani ya bahasha mlikuwa na maelezo ya kurasa mbili, kwa Kiingereza, ya kueleza anataka kusoma nini na kwa nini. Mimi, na diploma yangu ya uandishi wa habari na miaka mingi mbele ya kipaza sauti, nikachukua kalamu nyekundu.

Maelezo yake yalianza hivi: babu yake alikuwa akikata mashairi ya magazetini na kuyabandika katika daftari la hesabu za duka. Alipokuwa mdogo alidhani ni barua ambazo babu aliandikiwa, kwa sababu kila shairi lilikuwa linamjibu mtu fulani. Nikaifuta aya nzima. Nilijiuliza, daftari la duka na chuo kikuu wapi na wapi? Mahali pake nikaandika kwamba tangu utotoni amekuwa na mapenzi makubwa na fasihi, kwa kuwa fasihi ni kioo cha jamii. Nikaongeza Shakespeare, nikaongeza Shaaban Robert, nikamaliza kwa ahadi ya kulitumikia taifa. Nilipoyasoma kwa sauti, yalipendeza kama taarifa ya habari.

Vyuo sita vilimkataa. Barua za kukataliwa hazitoi sababu. Zinashukuru na kutakia heri. Hata hivyo mwalimu wake wa zamani alipoonyeshwa yale maelezo alisema neno moja tu: "Nimesoma kurasa mbili na bado sijui unataka kuuliza nini." Binti hakunilaumu. Ada za maombi zilikuwa zimelipwa kwa dola kutoka akiba ya mama yake, muuza vitenge, na mwaka mzima ulikuwa umepotea.

Baada ya hapo nilifanya kazi niliyopaswa kuifanya mwanzo, yaani kuuliza. Niliwatafuta walimu wa vyuo waliowahi kukaa katika kamati za kuchagua wanafunzi, nikawasikiliza. Nitakayoyasema sasa ni yao zaidi kuliko yangu.

Kwanza, anayesoma maombi haya mara nyingi si karani wa ofisi ya udahili. Ni walimu wa idara yenyewe, ambao wakikuchukua watakaa nawe miaka. Shahada ya uzamivu ya fasihi huko Marekani huchukua miaka mitano na kuendelea. Mwalimu hatafuti mtu anayependa vitabu. Waombaji wote wanapenda vitabu. Anatafuta mtu mwenye swali, na anataka kuona kama pale idarani yupo wa kumwongoza katika swali hilo.

Pili, nchi hazifanani. Marekani wanaweza kukupokea kwenye uzamivu ukiwa na shahada ya kwanza tu, kisha ukaanza kwa kuhudhuria madarasa. Uingereza na Ujerumani kwa kawaida wanataka uwe na shahada ya uzamili, uwe na andiko la utafiti, na uwe umempata mwalimu aliye tayari kukusimamia. Hapa kwetu, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoundwa mwaka 2009, inafundisha hadi uzamivu, na tasnifu inaandikwa kwa Kiswahili. Sisi tulituma karatasi ile ile moja kila mahali, kama mtu anayetuma kadi za harusi.

Tatu, mfano wa maandishi. Vyuo vingi vya Marekani vinadai insha ya uhakiki ya kurasa kama 10 hadi 20. Hapo ndipo wanapopima kama unajua kusoma kazi ya fasihi mstari kwa mstari na kujenga hoja. Usipeleke insha ndefu kuliko zote ulizonazo. Peleka ile iliyokaribiana na swali lako, uikarabati upya, kisha mpe mtu mkali aisome.

Nne, barua za wadhamini, ambazo aghalabu ni tatu. Hapa kuna ugonjwa unaojulikana na hausemwi. Mwalimu anamwambia mwanafunzi, "Kaandike mwenyewe, niletee nitie sahihi." Kijana anajisifu kwa maneno yale yale aliyotumia kwenye maelezo yake, na msomaji aliyezoea kusoma mamia ya karatasi anatambua kwamba mkono ni mmoja. Mwendee mwalimu wiki sita kabla, umpelekee insha aliyowahi kukusahihishia, maelezo yako na orodha ya tarehe za mwisho. Barua ya mwalimu anayekumbuka ulichobishana naye darasani ina uzito kuliko ya mkubwa wa kitivo asiyelijua jina lako.

Tano, msiishi kwa ushauri wa zamani. Ule mtihani wa somo la fasihi ya Kiingereza, ambao vyuo vingi vya Marekani viliudai, ulisitishwa mwaka 2021. Ada ya maombi nayo si amri ya Mungu; baadhi ya vyuo husamehe ada kwa mwombaji anayeandika mapema na kueleza hali yake. Sisi hatukuuliza.

Msikilizaji, nirudi kwenye lile daftari, maana lilikuwa kwangu. Babu yake huyo binti ni marehemu baba yangu, na daftari lilikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda changu. Alipokuja kuliomba ndipo nilipotambua kwamba kwa kalamu yangu nyekundu nilikuwa nimemfuta mzee wangu mwenyewe.

Tulilifungua pamoja. Mna vipande vya Uhuru na Mzalendo vya miaka ya sabini. Mtu wa Tanga anauliza jambo kwa shairi. Baada ya majuma kadhaa mtu wa Songea anamjibu kwa vina vile vile. Wa tatu anaingilia kati kuamua, na wa nne anawakemea wote. Binti akaniuliza, "Mjomba, hapa mtunzi ni nani na msomaji ni nani?" Nilinyamaza, na yeye akaandika. Hilo ndilo swali alilokuwa nalo tangu mwanzo, na ni swali zito. Gazeti la Mambo Leo lilianza mwaka 1923 nalo lilichapa mashairi ya wasomaji. Ina maana kwamba kwa miongo mingi watu wasio na shahada yoyote waliendesha fasihi yao kwenye kurasa za magazeti.

Alikuwa na hofu kwamba wazungu hawatalijali jambo la Kiswahili. Hofu hiyo ilikuwa yangu pia, na ndiyo iliyonifanya nimweke Shakespeare mbele. Lakini Euphrase Kezilahabi, ambaye diwani yake ya Kichomi ya mwaka 1974 ilichochea ubishi mkubwa juu ya vina na mizani, alipata uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1985. Na huko Nairobi, mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipendekeza Idara ya Kiingereza ivunjwe ili fasihi ya Afrika iwe katikati ya masomo. Njia ilikuwa imefyekwa kabla mimi sijazaliwa. Mimi ndiye niliyekuwa nairudishia magugu.

Mara ya pili aliomba vyuo vinne tu. Aliandika mwenyewe, akaanza na daftari. Insha yake ilichambua majibizano mamoja, mashairi yenyewe kwa Kiswahili na tafsiri yake pembeni. Vyuo viwili vilimkataa. Kimoja kilimkubali bila fedha, na akakishukuru akakiacha, kwa sababu nafasi isiyo na ufadhili kwa mtoto wa muuza vitenge ni deni. Cha nne kilimkubali kwa ada na posho. Sikugusa hata nukta katika maombi yale, ila kumsomea kwa sauti pale aliponiomba, apate kusikia sentensi inapokwama.

Najua baadhi yenu mtasema kwamba siku hizi kuna mashine za kompyuta zinazoandika maelezo kama hayo kwa dakika moja. Zipo, na nimeyaona maandishi yake. Yananikumbusha yangu: tangu utotoni, mapenzi makubwa, kioo cha jamii. Mashine ile ni mjomba kama mimi. Ina maneno mengi na haimjui babu yako.

Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi kati ya Desemba na Januari. Anayetaka kuingia mwaka ujao aanze sasa kuandika swali lake, aya moja tu, halafu ampelekee mwalimu amuulize maana yake.

Nanyi wazazi na wajomba wenzangu, kabla hamjashika kalamu nyekundu, tazameni chini ya vitanda. Kama kuna daftari, magazeti ya zamani au kaseti za marehemu, msiziuze kwa kilo kwa wafungaji vitumbua. Huenda yupo kijana nyumbani mwenu anayezihitaji, na anaona haya kuomba.

Hadi wiki ijayo, panapo majaliwa, kwaherini.