Rufani ya Mfungwa na Daftari la Askari

Lipo jambo linalowachoma mioyo askari wa polisi na wa jeshi, nalo ni kumwona mtu waliyemsaka usiku kucha, wakamkamata kwa taabu, akahukumiwa na Mahakama Kuu, kisha baada ya miaka michache akarejea kijijini kwake akiwa huru, kwa kuwa Mahakama ya Rufani imeitengua hukumu ile. Papo hapo maneno huanza. Majaji wamehongwa, sheria inawapendelea wauaji, jasho la askari limemwagika bure. Maneno hayo husemwa Arua mjini, husemwa Koboko mpakani, wala hayakosi kusemwa katika gombolola ya Omugo. Wanaoyasema ni wengi kuliko waliowahi kuuliza hukumu hiyo imetenguliwa kwa sababu gani.

Omugo iko Terego, sehemu iliyokuwa ya Arua hadi ilipofanywa wilaya yake yenyewe mwaka 2020. Wenyeji wake ni Walugbara, na tangu mwaka 2017 eneo hilo limewapokea wakimbizi wengi wa Sudan ya Kusini, waliopewa makazi katika upanuzi wa kambi ya Rhino Camp. Askari anayepelekwa huko huwakuta watu wa Kilugbara, wa Kibari, wa Kikakwa na wa Kiarabu cha Juba, naye hana budi kuandika maelezo yao wote katika lugha ambayo wengi wao hawaijui. Mtu akiuawa huko, kesi haiishi kituoni. Hupanda hadi kwa Jaji wa Mahakama Kuu, na kila neno lililoandikwa siku ya kwanza hupanda pamoja nayo.

Katika nchi ya Uingereza kesi ya namna hiyo huamuliwa na raia 12 wanaokaa pamoja mahakamani, ambao jaji huwaeleza sheria, nao ndio wanaosema kama mshitakiwa ana hatia au hana. Waingereza hawakuuleta utaratibu huo kwa Waafrika wa Afrika Mashariki. Nchini Kenya, kwa mfano, waliuweka kwa ajili ya Wazungu peke yao, mpaka ukafa uhuru ulipokuja. Mwafrika alihukumiwa na jaji aliyesaidiwa na wazee wa baraza, na utaratibu huo ndio uliorithiwa. Sheria ya Uganda ya mwaka 1971 kuhusu kesi za Mahakama Kuu iliagiza kwamba jaji akae na wazee hao, nao waape kwamba wataishauri mahakama bila upendeleo, kwa kadiri ya ujuzi na uwezo wao. Ushahidi wa pande zote mbili ukiisha, jaji huwajumlishia wazee sheria na ushahidi, kisha kila mmoja hutoa maoni yake kwa mdomo, yakaandikwa. Jaji hafungwi na maoni hayo. Lakini akiyakataa ni lazima aandike sababu katika hukumu yake.

Wako wanaodhani kwamba wazee hao ni pambo la mahakama. Sivyo hata kidogo, hasa katika nchi kama West Nile. Jaji aliyezaliwa mbali na Arua atajuaje uzito wa neno enyanya, yaani sumu, linapotamkwa msibani katika kijiji cha Walugbara? Mzee wa baraza anajua kwamba tuhuma ya sumu huweza kuwafanya majirani waliokula pamoja jana wamshambulie mwenzao leo, na anajua pia kwamba tuhuma hiyo huweza kumfanya shahidi aone asichokiona. Lakini ujuzi wake hauna faida kama hakuelezwa anatafuta nini. Mwaka 1954, katika kesi ya Washington Odindo, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema kwamba maoni ya wazee yana thamani pale tu wanapoyaelewa mambo ya kesi kwa kuyahusisha na sheria. Wasipoelezwa sheria, wala wasipoonyeshwa mambo yaliyo muhimu katika ushahidi, thamani hiyo hupungua.

Hapa ndipo rufani nyingi zinapozaliwa. Mfungwa hudai kwamba jaji hakuwaeleza wazee kuwa mzigo wa kuthibitisha kosa uko kwa upande wa mashitaka tangu mwanzo hadi mwisho, na kwamba mshitakiwa halazimiki kuthibitisha kuwa hana hatia. Au hudai kwamba jaji alibuni hadithi yake mwenyewe, ambayo hakuna shahidi aliyeisema, akaiweka mbele ya wazee kama kwamba ni ushahidi. Jambo hilo la pili lilikemewa katika kesi ya Okethi Okale na wenzake mwaka 1965, pale mahakama iliposema kwamba mtu hutiwa hatiani kwa uzito wa ushahidi uliotolewa na si kwa dhana ya jaji.

Mfano mmoja utatosha kuonyesha jinsi mambo haya yanavyomgusa askari. Mtu anauawa usiku katika kijiji cha Omugo. Mwezi umechomoza lakini kuna mawingu. Mjane anasema amemtambua muuaji. Askari anafika alfajiri, anaandika: "Shahidi alimtambua mshitakiwa kwa mwanga wa mwezi." Maelezo yanakwisha hapo, mshitakiwa anakamatwa, na kila mtu kijijini anaridhika.

Miezi mingi baadaye jaji anayasoma maelezo hayo, naye ana maswali. Mjane alikuwa umbali wa hatua ngapi? Alimtazama mtu yule kwa muda gani? Mwezi ulikuwa wazi au umefunikwa? Je, alimjua kabla ya usiku ule, na kwa miaka mingapi? Alimtaja kwa jina kwa jirani wa kwanza aliyefika, au jina lilitokea siku ya tatu baada ya watu kuzungumza matangani? Maswali haya jaji hayabuni. Yamo katika kesi ya Abdalla Nabulere na wenzake, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uganda na kuchapishwa katika taarifa za hukumu za mwaka 1979. Mahakama iliagiza kwamba kesi inapotegemea kabisa, au kwa sehemu kubwa, utambuzi ambao mshitakiwa anaukana, jaji ajionye mwenyewe na awaonye wazee wa baraza kwamba inahitajika hadhari ya pekee kabla ya kumtia mtu hatiani. Awaeleze pia sababu: shahidi aliyekosea huweza kusadikika kuliko aliyesema kweli, kwa kuwa hasemi uongo, anaamini anachokisema, na mashahidi wengi huweza kukosea wote pamoja. Kisha aupime mwanga, umbali, muda, na kama shahidi alimzoea mshitakiwa. Mazingira yakiwa mazuri, hatari hupungua. Yakiwa mabaya, hatari huongezeka, na hapo ushahidi mwingine wa kuunga mkono hutafutwa. Majaji wa London walikuwa wametoa agizo linalofanana na hilo mwaka 1976 katika kesi ya Turnbull.

Basi ikiwa jaji hakuwaonya wazee, mfungwa ana hoja ya rufani. Lakini hata jaji mwenye bidii atawaonya wazee juu ya nini, iwapo daftari la askari lina mstari mmoja tu? Mwezi wa usiku ule umekwisha zama. Mjane amesahau, au ameongezewa maneno na ndugu. Aliyeweza kupima hatua kutoka mlangoni hadi kwenye mti alikuwa askari wa alfajiri ile, naye hakupima. Mara nyingi kosa linalolaumiwa kwa majaji wa Kampala lilitendeka miaka mitatu nyuma, chini ya mwembe, kwa kalamu ya mtu aliyekuwa na haraka ya kurudi kituoni.

Jambo la pili ni mwenendo wa mwendesha mashitaka. Huyu anasimama kwa niaba ya nchi. Kazi yake si kushinda kama timu ya mpira inavyoshinda. Katiba ya mwaka 1995 inamwagiza Mkurugenzi wa Mashitaka azingatie manufaa ya umma na haki, na azuie sheria isitumiwe vibaya. Hata hivyo hutokea kwamba watu watano waliona tukio, wanne wanasema vile mpelelezi anavyopenda, na wa tano anasema mtu aliyekimbia alikuwa mrefu kuliko mshitakiwa. Huyo wa tano haitwi. Wakati mwingine mwendesha mashitaka mwenyewe hajui kwamba yupo, kwa sababu maelezo yake hayakutiwa katika jalada.

Kesi ya Bukenya na wenzake, iliyotoka hapa Uganda na kuamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1972, ilikata shauri hilo. Upande wa mashitaka una hiari ya kuchagua mashahidi, lakini ni wajibu wake kuwaita wote wanaohitajika ili ukweli ujulikane, hata kama maneno yao yatapingana. Mahakama nayo ina wajibu wa kumwita shahidi ambaye ushahidi wake unaonekana kuwa wa lazima. Na endapo ushahidi ulioletwa unatosha kwa shida tu, mahakama inaweza kuhesabu kwamba shahidi asiyeitwa angesema maneno ya kuudhuru upande wa mashitaka. Askari aliyemficha shahidi wa tano akidhani anaiimarisha kesi, kumbe amempa mfungwa silaha ya rufani.

Isidhaniwe kwamba kila dosari humfungulia mfungwa mlango. Sheria za Uganda zinasema wazi kwamba hukumu haitenguliwi kwa kosa la utaratibu isipokuwa kosa hilo limesababisha haki ipotee. Mahakama ya rufani ya kwanza nayo haisomi dosari peke yake. Tangu kesi ya Pandya ya mwaka 1957 imekuwa wajibu wake kuupima upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake yenyewe, ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi wakisema. Ushahidi ukibaki imara, mfungwa hubaki gerezani. Lakini kuna upande wa pili ambao wapelelezi wengi hawaujui. Kesi ya kwanza ikiwa imeharibika, mahakama inaweza kuagiza kesi isikilizwe upya. Ila katika shauri la Fatehali Manji la mwaka 1966 iliamuliwa kwamba agizo hilo halitolewi ili kuupa upande wa mashitaka nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake. Maana yake ni kwamba pengo la Omugo haliwezi kuzibwa Kampala. Mwenye hatia atakwenda zake, na familia ya marehemu itamwona sokoni.

Wanajeshi wasione kwamba mazungumzo haya ni ya polisi tu. Katika mahakama za kijeshi hakuna wazee wa baraza, lakini kwa miaka mingi wajumbe walioketi walikuwa maofisa ambao wengi hawakuwa wanasheria, nao walielezwa sheria na mshauri wao. Hatari ya kuelezwa vibaya ilikuwa ile ile. Na askari naye husimama kizimbani. Tarehe 21 Machi 2002 padri Declan O'Toole, mmisionari kutoka Ireland, aliuawa huko Karamoja pamoja na watu wawili aliokuwa nao. Tarehe 25 Machi, siku nne tu baadaye, askari wawili walishitakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi mjini Kotido, kesi ikachukua muda usiofika saa tatu, wakahukumiwa na kupigwa risasi siku hiyo hiyo. Hakuna anayeutetea uovu waliotuhumiwa. Lakini rufani haikusikilizwa, na kama mjumbe yeyote alielezwa sheria isivyo, au shahidi yeyote hakuitwa, hakuna mahakama iliyopata nafasi ya kulitazama jambo hilo wakati watu wale wakiwa hai. Tangu hapo mjadala juu ya mahakama za kijeshi umeendelea. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu iliamua katika shauri la Kabaziguruka kwamba mahakama hizo, jinsi zilivyokuwa zimeundwa, hazikuwa na mamlaka ya kuwahukumu raia, na Bunge likaifanyia marekebisho sheria ya jeshi mwaka huo huo.

Katika mahakama za kawaida, mfungwa aliyehukumiwa hupewa siku 14 za kutoa taarifa kwamba anakata rufani. Mtu wa Omugo asiyejua kusoma, aliyefungwa mbali na ndugu zake, huweza kuzimaliza siku hizo bila kujua kwamba zinahesabiwa. Ndiyo maana sheria imemruhusu kuikabidhi rufani yake kwa mkuu wa gereza, naye mkuu wa gereza ndiye anayepaswa kuipeleka kwa Msajili wa mahakama. Karatasi hiyo ikilala mezani hadi siku ya 15, aliyeichelewesha hawezi kusema kwamba alikuwa akiulinda usalama wa nchi.