Mgeni Kitabuni, Mgeni Mlangoni



Katika riwaya ya By the Sea, iliyotoka mwaka 2001, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyehamia Uingereza akiwa kijana, anatusimulia habari za mzee wa Kizanzibari anayefika uwanja wa ndege wa Gatwick kuomba hifadhi. Mzee anajifanya hajui Kiingereza. Katika mzigo wake mna kasha dogo la udi, na ofisa wa uhamiaji analitwaa. Tusomapo hapo twaumia, kwa maana harufu ya nyumbani imechukuliwa. Twajiona sisi ndio wageni.

Lakini tukishafunga kitabu, tujiulize: katika maisha yetu, tuko upande gani wa meza ile?

Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia watu zaidi ya 160,000, waliokimbia Burundi mwaka 1972 pamoja na wazao wao. Serikali hutoa cheti. Ujirani hautolewi ofisini. Ikiwa katika jumuiya zetu mwenzetu angali akiitwa “mkimbizi” baada ya miaka 50, lafudhi yake ikichekwa, wala hachaguliwi hata kutunza mfuko wa jumuiya, basi nasi tumelitwaa kasha lake.

Tusiridhike na machozi ya msomaji. Juma hili, kila jumuiya imwombe yule akaaye nyuma aje mbele, akipenda, asimulie safari yake kwa kinywa chake mwenyewe. Nasi tunyamaze, tusikilize.