Kuganda kwa Namna Mbili: Aiskrimu kama Mada Unganishi katika Shule za Msingi za Tarime na Serengeti

Ufundishaji unganishi ni utaratibu ambao kitu kimoja au kazi moja huwekwa katikati ya ujifunzaji kwa siku kadhaa, na masomo mbalimbali yakaitwa kuja kukieleza. Utaratibu huo haupaswi kuchanganywa na masuala mtambuka, yaani mambo kama jinsia, mazingira na UKIMWI ambayo mitaala hutaka yapenyezwe katika kila somo. Masuala mtambuka huongezwa juu ya somo lililokwisha kuwapo, ilhali mada unganishi ndiyo inayolizaa somo lenyewe. Mhadhara huu unauliza iwapo aiskrimu, ambayo watoto wengi huijua kwa jina la lambalamba inayouzwa njiani, inaweza kubeba uzito huo katika madarasa ya wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, au kama ni pambo linalovutia kwa utamu wake tu.

Wazo la kufundisha kwa kazi si geni. John Dewey, alipoanzisha shule ya majaribio ya Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1896, aliuweka upishi, ufumaji na useremala ndani ya ratiba, si ili watoto wawe wapishi au mafundi, bali kwa kuwa kazi hizo humlazimu mtoto kupima, kuhesabu, kuuliza asili ya vitu na kusimulia alichokifanya. Kwa watu wa Mara hoja hiyo ina mizizi ya karibu zaidi, kwani Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, alisisitiza katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967 kwamba shule isitengwe na maisha ya jamii inayoizunguka. Ni lazima isemwe, kwa masikitiko, kwamba mahali pengi shamba la shule, lililokusudiwa kutimiza hoja hiyo, liliishia kuwa kazi ya jembe: watoto walilima, wakapalilia, wakavuna, lakini magunia hayakuingia katika somo la Hisabati wala udongo haukuingia katika Sayansi. Aiskrimu inakabiliwa na hatari hiyo hiyo, tena kwa ukali zaidi, kwa sababu ni rahisi mno mwalimu kuridhika na watoto kuichora, kuipaka rangi na kuzihesabu picha zake.

Kinachoipa aiskrimu haki ya kuingia darasani katika wilaya hizi ni neno moja ambalo watoto huja nalo kutoka nyumbani. Kiswahili husema kwamba maziwa huganda yakawa mtindi, na husema pia kwamba maji huganda yakawa barafu. Mtoto wa Kikurya, wa Kingoreme au wa Kiikoma aliyekulia kwenye nyumba yenye ng'ombe ameuona mgando wa kwanza tangu utotoni, na huenda akaujua vizuri kuliko mwalimu aliyehamishiwa huko kutoka mjini. Mgando wa pili ameufahamu kwa njia ya friji la dukani, hasa baada ya umeme kuanza kufika vijijini. Kitenzi ni kimoja, lakini yanayotendeka ni mambo mawili yaliyo mbali sana. Maziwa huganda kwa sababu bakteria, yaani viumbe hai wadogo wasioonekana kwa macho, hula sukari iliyomo na kutoa asidi inayozifanya protini zishikamane. Kazi hiyo huenda haraka penye joto, na mtindi haurudi tena kuwa maziwa. Maji huganda kwa kupoteza joto, na barafu ikiwekwa juani hurudi kuwa maji yale yale. Aiskrimu ni maziwa yaliyoganda kwa namna ya pili, na darasa likiitengeneza, neno ambalo lilionekana halina siri hufunguka mbele ya watoto.

Utengenezaji wenyewe hauhitaji friji shuleni, ila barafu iliyonunuliwa, chumvi, ndoo na sufuria ndogo. Maziwa yaliyochemshwa na kutiwa sukari huwekwa katika sufuria, sufuria huzamishwa ndani ya ndoo yenye barafu iliyopondwa na kuchanganywa na chumvi, kisha watoto hupokezana kukoroga. Barafu peke yake haitoshi, kwa kuwa sukari na chumvi zilizomo katika maziwa huyafanya yagande chini kidogo ya nyuzi sifuri za Selsiasi, ilhali barafu ya kawaida huyeyuka kwenye sifuri yenyewe. Chumvi hubadili hali hiyo: huilazimisha barafu iyeyuke ikiwa chini ya sifuri, na mchanganyiko wenye takribani sehemu 23 za chumvi kwa 77 za barafu unaweza kushuka hadi karibu nyuzi 21 chini ya sifuri. Barafu haiyeyuki bila kupata joto. Kilo moja yake humeza kilojuli 334, joto linalotosha kupandisha kilo moja ya maji kutoka sifuri hadi nyuzi 80, na sehemu kubwa ya joto hilo hutolewa na maziwa yaliyo jirani. Mtoto akielewa kwamba baridi haikuingia ndani ya sufuria, bali joto ndilo lililotoka, amevuka hatua ambayo watu wazima wengi hawajaivuka.

Hisabati haina haja ya kutafutiwa mahali, kwa kuwa uwiano wa chumvi na barafu, gharama ya kikombe kimoja na grafu ya jotoridi kwa kila dakika tano zimo ndani ya kazi yenyewe. Afya pia haitenganiki na kazi hiyo, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, na kuganda kwa baridi hakuviui vijidudu hivyo, hivyo kuchemsha ni sharti. Hapo Jiografia hujitokeza yenyewe: Ziwa Viktoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na nyanda za juu za Tarime hupita mita 1,500, mahali ambapo maji huchemka karibu na nyuzi 95, wala si 100. Kipimajoto kinapotofautiana na nambari ya kitabuni, mwalimu asiharakishe kukilaumu.

Swali la kisayansi kuzaliwa katika utengenezaji wa aiskrimu kuna mfano mkubwa nchini Tanzania. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake, na kwa kuhofia kukosa nafasi ndani ya friji aliutia mchanganyiko wake ukiwa bado wa moto, ukaganda kabla ya ule uliokwisha kupoa. Alipouliza sababu aliambiwa kwamba alikuwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shuleni Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo mwanafizikia Denis Osborne, ambaye alikubali lipimwe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education. Wanafizikia wanaendelea kubishana kama athari ya Mpemba, yaani kitu cha moto kuganda kabla ya kilichopoa, ipo kweli, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulishindwa kuithibitisha. Ubishi huo haupunguzi thamani ya mfano. Swali lililozaliwa katika upishi wa shule limedumu zaidi ya nusu karne, na watoto wa Mugumu wilayani Serengeti au Sirari wilayani Tarime wanaweza kulijaribu kwa makopo mawili, barafu yenye chumvi na saa ya ukutani.

Somo la Kiswahili ndilo linalofaa kuifunga kazi ya aiskrimu, ingawa kwa kawaida hukumbukwa mwisho na kupewa insha tu. Watoto wanaweza kutumwa nyumbani wakakusanye kila kitu ambacho wazazi na mabibi husema kwamba huganda: damu ya kidonda, mafuta ya ng'ombe, uji uliolala, asali, maziwa, maji. Kisha orodha igawanywe ubaoni kati ya vinavyorudi katika hali ya awali vikipashwa joto na visivyorudi, na darasa litafute kama lugha za nyumbani, Kikurya na nyinginezo, zina neno moja kwa mambo hayo yote au zimeyapa majina tofauti.