Mgonjwa wa Dharura Atibiwe Kwanza



Foleni ni shule ya usawa. Dukani, benki na ofisini, aliyetangulia kufika ndiye anayetangulia kuhudumiwa, na anayemruka mwenzake huhesabiwa kuwa mdhulumu. Lakini upo mlango mmoja ambapo kanuni hiyo njema hugeuka kuwa dhuluma, nao ni mlango wa idara ya dharura ya hospitali. Hapo mwenye jeraha la kidole aliyefika saa mbili hana haki ya kumtangulia mama anayevuja damu aliyefika saa tatu. Haki ya mahali hapo hupimwa kwa uzito wa hali ya mgonjwa. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika chumba hicho, ngoja ngoja huua.

Dar es Salaam inajua vema maana ya kubaguliwa kwa wagonjwa. Mwishoni mwa karne ya 19 Wajerumani walijenga Hospitali ya Ocean Road kwa ajili ya Wazungu, ilhali Waafrika na Waasia walitengewa hospitali iliyojengwa kwa mchango wa mfanyabiashara Sewa Haji. Mpaka huo wa rangi uliondolewa na Uhuru, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 Serikali ilishika msimamo wa matibabu bila malipo. Mwaka 1993, uchumi ukiwa umedhoofu, ukaanzishwa utaratibu wa wananchi kuchangia gharama. Watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito na wazee wasio na uwezo waliwekewa msamaha. Hata hivyo, msamaha ulioandikwa Wizarani si lazima uwe umefika dirishani saa nane za usiku.

Huduma ya dharura yenyewe bado ni changa nchini. Tarehe 29 Aprili 2009, mabomu yalipolipuka katika kambi ya jeshi huko Mbagala, watu zaidi ya 20 walipoteza maisha na mamia wakajeruhiwa. Siku hiyo hapakuwa na hospitali ya umma hata moja nchini iliyokuwa na idara kamili ya dharura ya usiku na mchana. Idara ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Muhimbili Januari 2010, na mabingwa wa kwanza wa tiba ya dharura waliofunzwa nchini walihitimu mwaka 2013. Baadaye, sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliopatikana mwaka 2021 wakati wa UVIKO-19 ilijenga majengo ya dharura katika hospitali za mikoa na wilaya.

Hatua hiyo ni kubwa, lakini jiji nalo halikusimama. Sensa ya 2012 ilihesabu mkoani Dar es Salaam watu 4,364,541. Ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Wengi wa hao milioni moja walioongezeka hawakujenga karibu na Muhimbili. Walijenga pembezoni, na hao ndio wanaozitegemea Temeke, Mwananyamala na Amana. Mgonjwa wa Chamazi au wa Bunju huanza safari yake kwa bajaji, katika barabara iliyojaa magari, na dakika zake nyingi zimekwisha kutumika kabla hajaliona lango la hospitali.

Hapana budi basi dakika zilizobaki zisipotezwe langoni. Aghalabu hupotezwa kwa mambo matatu. La kwanza ni fedha: ndugu wa mgonjwa kuambiwa alipie kwanza. La pili ni karatasi: majeruhi wa bodaboda kuulizwa hati ya polisi, ile PF3, kabla damu haijazuiwa. PF3 ni hati ya ushahidi kwa polisi na mahakama, na ushahidi unaweza kuandikwa baada ya mtu kupona. Marehemu hana faida nao. La tatu ni kujuana, nalo ndilo linalowahusu zaidi wasomaji wa ukurasa huu.

Mtumishi wa umma ana kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999. Mwalimu ana mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa ni muuguzi wa zamu. Simu moja hupigwa, machela hupatikana, na mtoto wa muuza samaki wa Tandika husogezwa nyuma. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini huo ndio ubaguzi mpya: haupimi rangi ya ngozi, hupima nani anamjua nani.

Wapo watakaosema kwamba hospitali haiendeshwi kwa huruma. Dawa hununuliwa, na wagonjwa wengine huondoka bila kulipa. Hoja hiyo ni ya kweli, wala haifai kumtupia lawama mhudumu ambaye kesho ataulizwa hesabu za dawa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kama ile ya Afrika Kusini ya 1996, inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Lakini Kenya iliona kwamba katazo peke yake halinunui dripu, na sheria yake ya bima ya mwaka 2023 ikaanzisha mfuko unaogharimia dharura. Bunge la Tanzania nalo lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka huohuo wa 2023. Kipimo cha sheria hiyo kitakuwa pale mlangoni: je, asiye na kitu atatibiwa kwanza, na deni lake lijadiliwe baadaye na wenye mfuko?

Ndugu walimu na watumishi, kazi nyingine haingoji mfuko. Wafundisheni wanafunzi na wazazi kwamba 115 ni namba ya bure ya kuita usafiri wa dharura kwa mjamzito na mtoto mchanga. Waelezeni kwamba ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini ipo kwa ajili ya asiye na uwezo. Wasimamizi wa hospitali wabandike misamaha ukutani kwa Kiswahili cha wazi. Na mwenye kadi na marafiki, hali yake ikiwa si ya kutisha, aiache simu mfukoni na aketi kwenye benchi kama wengine. Siku atakapoletwa yeye akiwa hajitambui, hatakuwa na uwezo wa kumpigia mtu yeyote simu.